Deni la askari halilipwi kwa mashada ya maua

Abiria anayesafiri kwa matatu katika Barabara ya Jogoo, jijini Nairobi, husikia utingo akiita "Burma! Burma!" pindi gari linapokaribia Uwanja wa City. Wanaoteremka hapo aghalabu hufuata nyama, kwa maana soko la Burma limejipatia sifa kwa mbuzi na ng'ombe wa kuchoma. Mwaka juzi niliwauliza wanafunzi wangu wa somo la isimujamii jina hilo limetoka wapi. Darasa lilikuwa na watu zaidi ya sitini. Mmoja alisema labda ni jina la mchinjaji wa kwanza. Mwingine alidhani ni neno la Kikamba. Waliojua kwamba Burma ni nchi ya Asia, na kwamba vijana wa Kenya walipelekwa huko kupigana na Wajapani, hawakufika watano.

Sikuwalaumu. Waliowatangulia, nikiwamo mimi mwalimu wao, ndio wa kulaumiwa. Mji wetu umejaa majina ya vita, nasi tunapita juu yake kama mtu apitaye juu ya kaburi lisilo na alama. Kariokor ni matamshi yetu ya jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi kilichoundwa mwaka 1914. Ndugu zetu wa Dar es Salaam wakaliita neno hilohilo Kariakoo. Hata kamusi zetu zina neno "keya", lililozaliwa kutokana na herufi tatu za KAR, yaani jeshi la Waingereza la Waafrika wa Afrika Mashariki lililoundwa mwaka 1902. Lugha imetunza kumbukumbu ambazo ofisi zimezitupa.

Nami nina sababu yangu mwenyewe ya kuliandika jambo hili. Babu yangu mzaa baba alikuwa keya. Alirudi kutoka Burma mwaka 1946, na baada ya kuhangaika kwa muda akapata kazi mjini na chumba katika mtaa wa Kaloleni, hatua chache kutoka hilo soko la Burma. Kaloleni ilikuwa mpya wakati huo. Katika mji ambao Mwafrika alihesabiwa kuwa kibarua wa muda, asiyehitaji zaidi ya kitanda, Kaloleni ilikuwa miongoni mwa mitaa ya kwanza kujengwa kwa ajili ya Mwafrika mwenye mke na watoto: nyumba za mawe, mapaa ya vigae, viwanja vya nyasi baina ya nyumba na nyumba, na katikati ukumbi wa jamii ambao wenyeji waliupa jina la utani la Bunge, kwa sababu kina Tom Mboya walihutubia hapo kabla ya Uhuru.

Babu hakusimulia vita. Tulipokuwa wadogo tulijua mambo mawili tu: kwamba alikuwa akitembea kwa kuchechemea siku za mvua, na kwamba usiku wa manane wakati mwingine alipiga kelele akitoa amri katika Kiswahili ambacho hakuna mtu wa Kaloleni aliyekizungumza. Nyanya aliamka, akamshika bega, akamwambia, "Mzee, uko nyumbani." Majirani walisema amerogwa. Leo najua kwamba Kiswahili kile kilikuwa Kikeya, lugha ya kambini, na kwamba maradhi yale yana jina. Tunayaita kiwewe. Lakini katika miaka yote ile hakuna daktari aliyemuuliza lolote, na hakuna ofisi iliyowahi kufikiri kwamba aliyemtuma mtu vitani anapaswa pia kumtibu usingizi wake.

Alifariki mwaka 1998. Miaka miwili baadaye, nikiwa mwanafunzi chuoni, nilimsindikiza Nyanya katika ofisi moja ya jijini ambayo sitaitaja. Alikuwa amesikia kanisani kwamba wajane wa askari wa zamani wanaweza kupewa msaada mdogo. Alibeba cheti cha babu cha kuachishwa jeshi kilichokunjwa mara nne, kipande chake cha zamani, na kitambulisho chake cha baada ya Uhuru. Karani alivitazama vyote vitatu, kisha akasema kwa upole kwamba hawa ni watu watatu tofauti.

Kwa macho yake alisema kweli. Jina la babu lina ile sauti ya "dh" ya Kijaluo, inayotamkwa ulimi ukigusa meno, ambayo si "d" wala si "dh" ya Kiswahili sanifu. Karani wa jeshi aliyemwandikisha aliisikia akaiandika "th". Karani wa kipande aliandika "d". Karani wa kitambulisho, ambaye huenda alikuwa mwenyeji wa Nyanza, aliandika "dh" sawasawa. Mtu mmoja, masikio matatu, tahajia tatu. Tulielekezwa kuleta hati ya kiapo, kisha barua ya chifu, kisha barua ya pili ya chifu kwa kuwa ya kwanza ilikuwa na tahajia ya nne. Nyanya alikwenda mara saba. Alifariki mwaka 2004 bila kupata hata shilingi moja. Nilisomea isimu kwa sababu nyingi, lakini nikisema kwamba safari zile saba hazimo miongoni mwazo nitakuwa mwongo.

Naeleza kisa hiki kwa sababu si cha nyanya yangu peke yake. Ukiichunguza historia ya askari wa Afrika Mashariki, utaona kwamba dhuluma waliyotendewa ilipita kwenye maneno na majina kabla haijafika kwenye fedha, nyumba na dawa.

Tuanze na Vita vya Kwanza vya Dunia. Majeshi ya Waingereza katika Afrika Mashariki yalitegemea mabega ya wapagazi, ambao jumla yao katika nchi zote hukadiriwa kufikia milioni moja. Waliokufa hawapungui 95,000, na kati yao takriban 45,000 walitoka katika nchi hii ambayo sasa ni Kenya. Wengi waliuawa na kuhara, malaria na njaa kuliko risasi. Lakini hawakuitwa askari. Waliitwa wapagazi, vibarua, wafuasi wa jeshi. Neno hilo moja liliwatenga. Mishahara ya maelfu waliokufa haikuwafikia jamaa zao, kwa hoja kwamba wenyewe hawakuweza kupatikana. Na makaburini hawakuandikiwa majina kama walivyoandikiwa askari wa Ulaya.

Mwaka 1928 palizinduliwa sanamu za shaba za askari na wapagazi katika barabara ambayo leo ni Kenyatta Avenue. Maandishi yake, yaliyochongwa kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili, yanamwahidi anayepigania nchi yake kwamba hata akifa wanawe watalikumbuka jina lake. Msomaji aende akasome mwenyewe, kisha atafute pale jina la mpagazi hata mmoja. Hatalipata. Ilitubidi kungoja hadi Aprili 2021, zaidi ya karne moja, ndipo Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ikakiri katika ripoti yake kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuadhimishwa kwa majina au hawakuadhimishwa kabisa. Waziri wa Ulinzi wa Uingereza, Ben Wallace, aliomba radhi bungeni. Januari 2025 mnara wenye majina zaidi ya 1,700 ya wafanyakazi weusi wa jeshi ulifunguliwa Cape Town. Majina yanawezekana kupatikana, kumbe. Kinachohitajika ni mtu wa kuyatafuta.

Katika Vita vya Pili wanaume wapatao 98,000 wa Kenya waliingia jeshini. Walipigana Uhabeshi na Madagaska, kisha Kitengo cha 11 cha Afrika Mashariki kikapelekwa Burma, kikateremka bonde la Kabaw katika mvua na malaria mwaka 1944 hadi mto Chindwin. Wengine hawakufika. Meli ya Khedive Ismail, iliyoondoka Mombasa, ilizamishwa na nyambizi ya Kijapani karibu na Maldivi tarehe 12 Februari 1944, na watu karibu 1,300 wakafa, wakiwamo mamia ya askari wa mizinga wa Afrika Mashariki.

Waliorudi walilipwa kiinua mgongo kulingana na rangi ya ngozi. Nyaraka zilizochapishwa na waandishi wa habari mwaka 2019 zilionyesha kwamba askari mweusi alipewa hadi mara tatu pungufu ya mzungu wa cheo kilekile aliyeishi katika makoloni yaleyale. Mzungu aliyetoka vitani alikuwa na njia ya kupata shamba. Mpango wa mwaka 1919 ulikuwa umegawa mamia ya mashamba katika nyanda za juu kwa askari wa Kizungu, na baada ya mwaka 1945 mpango mwingine wa walowezi ukafuata. Mwafrika mwenzake alirudi akavaa kipande shingoni, kama alivyokivaa kabla ya vita, hadi kilipofutwa mwaka 1947. Si ajabu kwamba baadhi ya makeya hao waligeuka. Waruhiu Itote, ambaye baadaye alijulikana kama Jenerali China, alikuwa amepigana Burma. Bildad Kaggia alikuwa amevaa sare hiyohiyo Mashariki ya Kati.

Wala Kenya haikuwa peke yake. Tarehe 28 Februari 1948 askari wa zamani walioandamana Accra kupeleka malalamiko yao kwa gavana walipigwa risasi, na watatu wakafa. Ufaransa iligandisha pensheni za wapiganaji wake wa Afrika kuanzia mwaka 1959, na ilikuwa mwaka 2006 ndipo ilipotangaza kuzisawazisha. Marekani ilitunga sheria mwaka 1944 ya kuwasaidia askari waliorudi kusoma na kununua nyumba, sheria iliyosifiwa kote duniani. Lakini uchunguzi wa mwaka 1947 katika miji ya jimbo la Mississippi ulionyesha kwamba kati ya mikopo zaidi ya 3,000 iliyodhaminiwa kwa sheria hiyo, miwili tu ilikwenda kwa weusi. Sheria njema mikononi mwa karani asiyekutambua ni karatasi tu.

Je, watetezi wa askari hawa wamefanya nini? Wamefanya mengi, na si haki kuwapuuza. Chama cha askari wastaafu wa jeshi letu, kilichofahamika kwa miaka mingi kama KAFOCA na sasa DEFOCA, kiliwashika mkono wazee wengi ambao hakuna mwingine aliyewakumbuka. Shirikisho la askari wastaafu wa Jumuiya ya Madola, lililoasisiwa Cape Town mwaka 1921, limekuwa likipitisha misaada kwa vyama kama hicho. Mwaka 2018 serikali ya Uingereza ilitangaza pauni milioni 11.8 kwa miaka mitano ili wazee na wajane wapatao 7,000 katika nchi za Jumuiya ya Madola wapate milo miwili kwa siku. Nashukuru kwa niaba ya aliyeshiba. Lakini naomba tuyapime maneno hayo: milo miwili, miaka sabini na mitatu baada ya vita kwisha. Hayo ni maneno ya sadaka. Deni halisemwi hivyo.

Utetezi ulioleta haki, na si sadaka, tuliuona mwaka 2013. Wazee wa Mau Mau, wakisaidiwa na chama chao na Tume ya Haki za Binadamu ya Kenya, ambayo ni shirika lisilo la kiserikali, waliishtaki serikali ya Uingereza huko London. Katikati ya kesi zikafichuka karatasi za siri za kikoloni zilizokuwa zimefungiwa Hanslope Park. Hatimaye watu 5,228 walikubaliwa fidia ya jumla ya pauni milioni 19.9, na majuto yakatamkwa hadharani. Mzee aliyeteswa alikuwa na kovu, na kovu lilikuwa kweli. Lakini mahakama ilihitaji karatasi. Fundisho ni kwamba mtetezi asiye na kumbukumbu zilizopangwa ataishia kuomba.

Nimewahi kuulizwa na mwalimu mwenzangu swali gumu: kwa nini tuhangaikie watu waliompigania mkoloni? Jibu langu ni kwamba wengi hawakuchagua. Wapagazi walikamatwa vijijini kwa nguvu. Wengine waliuza miaka yao ili walipe kodi ya kibanda. Lakini hata aliyejiandikisha kwa hiari alipewa ahadi, na ahadi haichagui rangi ya aliyeitoa. Swali la pili ni zito zaidi: maskini wa Nairobi ni wengi, mbona askari atangulizwe? Hatangulizwi kwa umaskini wake. Katiba yetu ya mwaka 2010, katika kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya afya na makazi, na kifungu cha 57 kinawataja wazee. Askari anadai hayo pamoja na sisi sote, kisha anadai na kile alichoahidiwa alipoambiwa aende asikorudi wengi.

Tena jambo hili si la wazee wa Burma peke yao, ambao sasa karibu wote wamekwenda. Oktoba 2011 Kenya ilituma majeshi yake Somalia. Tarehe 15 Januari 2016 kambi ya El Adde ilishambuliwa, na umma haukupewa idadi rasmi ya vijana waliouawa. Miaka mia moja baada ya wapagazi, tumerudia kosa la kutohesabu. Mwaka 2022 nchi yetu ilipata Sheria ya Wastaafu wa Jeshi, na hiyo ni hatua kubwa. Ila mimi, kwa mazoea ya kazi yangu, hutazama kwanza ukurasa wa fasili katika sheria yoyote. Nani anaitwa askari mstaafu? Mjane wake anaitwa nani? Kijana aliyerudi na miguu miwili na akili iliyopasuka ataingia katika neno gani? Mlango wa haki ni mpana au mwembamba kulingana na neno lililoandikwa juu yake.

Napendekeza basi mambo matatu, yote ya kawaida.

La kwanza ni daftari la majina. Vyama vya wastaafu na Idara ya Nyaraka za Taifa washirikiane kuandaa orodha moja inayokubali tahajia zote za jina la mtu mmoja, na ofisi ziagizwe kwamba tofauti ya "th" na "dh", "l" na "r", "b" na "v", si ushahidi wa udanganyifu. Vyuo vikuu vina wataalamu wa fonolojia wa kila lugha ya nchi hii. Tupeni kazi hiyo, tutaifanya.

La pili ni lugha ya fomu. Kiswahili ni lugha ya taifa na pia lugha rasmi kwa mujibu wa kifungu cha 7 cha Katiba. Ilikuwa ndiyo lugha waliyoamriwa nayo makeya kusonga mbele na kurudi nyuma. Ni aibu kwamba mjane wa mtu aliyekufa akiota kwa Kiswahili adai haki yake katika fomu ya Kiingereza asiyoweza kuisoma.

La tatu ni nyumba. Mipango ya kuibomoa na kuijenga upya mitaa ya kale ya Eastlands, Kaloleni ikiwemo, imezungumzwa kwa miaka mingi. Sipingi maendeleo, mabomba yale yamezeeka. Lakini kabla tingatinga halijaingia, kila mlango ubishwe, iulizwe nani aliingia kwanza katika nyumba ile, alitoka wapi, na ana haki gani iliyobaki. Palipokuwa na mtu wa vita, jambo hilo liandikwe, na warithi wake wasihesabiwe kuwa wavamizi katika chumba alichokilipia kodi maisha yake yote.

Kwenu walimu na wanafunzi nina ombi dogo zaidi. Msingoje serikali. Mwalimu wa Kiswahili na mwalimu wa historia wakae pamoja, wawape wanafunzi zoezi moja la likizo: kila mmoja aulize nyumbani kama kuna aliyevaa sare, wa zamani au wa juzi. Aandike jina lake kama wenye jina wanavyolitamka, na chini yake kila tahajia iliyomo katika karatasi zake. Anakili namba ya jeshi, na karatasi zenyewe azirudishe mahali pasipo mchwa. Shule mia moja zikifanya hivyo, watetezi watakuwa na kitu ambacho nyanya yangu hakuwa nacho alipoketi mbele ya karani.

Jina Kaloleni lipo pia pwani, katika kaunti ya Kilifi. Katika lugha za Wamijikenda kulola ni kutazama, na mwenye kujua sarufi atasikia ndani yake amri ya wingi: nendeni mkatazame. Kila Novemba tunaweka mashada ya maua makaburini, tunanyamaza dakika mbili, tunarudi nyumbani. Mwaka huu, tukitoka makaburini, tupitie Kaloleni. Tubishe hodi, tukae, tuombe kuonyeshwa zile karatasi zilizokunjwa mara nne, na tuzisome bila kumwambia mwenyewe kwamba mumewe ni watu watatu.